Bomu, Kinu na Mionzi: Mambo Matatu Ambayo Filamu Huyafanya Moja

Tangu serikali ya Uganda ilipoitaja Wilaya ya Buyende, kaskazini mwa Busoga katika eneo la Ziwa Kyoga, kuwa mahali patakapojengwa kinu cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini, mazungumzo kuhusu mradi huo yamekuwa na mwenendo mmoja: kabla mtu hajauliza habari za gharama, maji au mkopo, hutaja filamu. Huyu hukumbuka wingu la moshi lenye umbo la uyoga, yule huwakumbuka wazimamoto wa Chernobyl waliobambuka ngozi katika tamthilia ya mwaka 2019, na mwingine huuliza kama watoto wa Buyende watazaliwa na vichwa viwili. Hakuna sababu ya kuwacheka. Uganda haina kinu cha nyuklia wala silaha za nyuklia, na sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye mabwawa ya Mto Nile, kuanzia Nalubaale pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, hadi Karuma la megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024. Mtu ambaye hakusomea fizikia ameijua nyuklia kupitia runinga, simu au kibanda cha video, ambako VJ, yaani msimulizi wa filamu, hulazimika kuusimulia mlipuko kwa Kiluganda huku picha inakimbia, na hana nafasi ya kuisimamisha ili atenganishe hiki na kile.

Kutenganisha huko ndiko kunakokusudiwa hapa. Bomu la nyuklia, kinu cha nyuklia na mionzi ni mambo ya ukoo mmoja, lakini kila moja lina namna yake ya kufanya kazi na namna yake ya kudhuru. Filamu huyachanganya kwa sababu inayoeleweka: mlipuko unaonekana na mionzi haionekani, na mwongozaji wa filamu anaishi kwa vinavyoonekana. Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba filamu hizi ni uongo mtupu. Anayezitazama kwa makini ataona kwamba zinapoeleza atomi hukosea mara kwa mara, lakini zinapowaeleza watu waliokabidhiwa atomi hizo, yaani uchovu wao, woga wao mbele ya wakubwa na mazoea yao ya kuficha, zimekuwa sahihi kiasi cha kuwashtua hata wenye mitambo.

Kinu hakilipuki kama bomu

Urani inayochimbwa ardhini ina asilimia 0.7 tu ya atomi za aina ya U-235, ambazo ndizo hupasuka kwa urahisi. Kwa kinu cha kawaida cha umeme, urani hiyo hurutubishwa mpaka atomi hizo zifike kati ya asilimia 3 na 5. Kwa bomu hurutubishwa hadi karibu asilimia 90, kisha hubanwa au hugonganishwa kwa ustadi mkubwa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, ili mpasuko uenee kabla madini yenyewe hayajatawanyika. Mafuta ya kinu cha umeme hayana kiwango hicho wala hayakupangwa hivyo. Kwa hiyo kile kinu cha sinema kinachohesabu dakika kuelekea mlipuko wa kuufuta mji, kama kile cha The Dark Knight Rises ya mwaka 2012, ni kazi ya mwandishi wa hadithi na si ya mhandisi. Kinu cha filamu hiyo ni cha muunganiko wa viini, aina ambayo mpaka leo haijauza hata uniti moja ya umeme, na ambayo ikiharibika hupoa na kuzimika.

Hatari halisi ya kinu ni joto. Mpasuko wa urani ukishasimamishwa, mabaki ya atomi zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto, ambalo mwanzoni huwa takriban asilimia 6 au 7 ya nguvu yote ya kinu, kisha hupungua polepole kwa siku na miezi. Kinu kilichozimwa ni kama sigiri iliyoepuliwa chungu: chakula kimekwisha kuiva lakini makaa bado ni mekundu. Kwa kinu cha kutoa megawati 1,000 za umeme, joto hilo la mwanzo peke yake hukaribia megawati 200, zaidi ya uwezo wote wa Bwawa la Isimba. Maji ya kulipoza yakikosekana, mafuta ya kinu huyeyuka, na hapo ndipo chembe zenye mionzi hupata njia ya kutoka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe mara tetemeko lilipopiga, kama vilivyotakiwa. Vilichokosa baadaye ni umeme wa kusukuma maji, kwa sababu tsunami ilizifurikisha jenereta za dizeli, na milipuko iliyoonekana siku zilizofuata ilikuwa ya gesi ya hidrojeni iliyokusanyika ndani ya majengo. Filamu ya Fukushima 50 ya mwaka 2020 na tamthilia ya The Days ya mwaka 2023 zinawaonyesha wafanyakazi gizani, wakiwa na kurunzi mkononi, wakiunganisha betri za magari ili wapate kusoma vipimo vya kinu. Wapo watazamaji waliolalamika kwamba The Days inakwenda taratibu mno. Kwa maoni yangu, utaratibu huo ndio ubora wake, maana ajali ya kinu kwa kawaida ni saa nyingi za watu kubahatisha mbele ya vipimo vilivyokufa.

Siku kumi na mbili

Hakuna filamu iliyobahatika, au iliyolaaniwa, kama The China Syndrome. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 16 Machi 1979, ikisimulia habari za mwandishi wa runinga na mpigapicha wake wanaoshuhudia hitilafu ndani ya kinu, na msimamizi wa zamu anayegundua kwamba picha za eksirei za kukagua maungio ya mabomba zilighushiwa. Watu wa sekta ya nyuklia waliibeza. Tarehe 28 Machi, siku kumi na mbili baadaye, kinu namba 2 cha Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania kilipatwa na ajali mbaya kuliko zote katika historia ya umeme wa nyuklia nchini humo. Tena, ndani ya filamu kuna mhusika anayesema kwamba ajali kama hiyo ingeweza kulifanya eneo lenye ukubwa wa Pennsylvania lisikalike.

Watu hukumbuka bahati hiyo ya tarehe na ya jina la jimbo, lakini ulinganifu wenye uzito ni mwingine. Katika filamu, sindano ya kipimo cha maji inakwama juu, wafanyakazi wanaamini kwamba kinu kimejaa maji kupita kiasi, wanayapunguza, na karibu wakifunue kiini cha kinu. Katika Three Mile Island, vali moja ilikwama ikiwa wazi huku taa mbele ya wafanyakazi ikiashiria kwamba imepewa amri ya kufunga. Kipimo kingine kilionyesha maji mengi, nao wakapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiingia yenyewe. Takriban nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Waandishi wa filamu hawakuwa manabii. Tukio la sindano iliyokwama walilichota katika hitilafu iliyowahi kutokea kweli kwenye kinu kingine cha Marekani mwaka 1970. Walichokielewa kuliko waliowabeza ni kwamba mtambo unaweza kuwa mzima na bado ukamdanganya anayeutazama.

Mahali filamu hiyo ilipokosea ni kwenye jina lake, linalotokana na mzaha wa wahandisi kwamba mafuta yaliyoyeyuka yatatoboa ardhi mpaka China. Pale Three Mile Island chuma cha chombo cha kinu kilistahimili, na mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo. Lakini filamu na ajali vilikwisha kuwa kitu kimoja katika fikra za Wamarekani, na ujenzi wa vinu, ambao tayari ulikuwa unayumba kwa sababu ya gharama, ulizidi kudorora.

Chernobyl ya kweli na Chernobyl ya runinga

Tamthilia ya Chernobyl ya mwaka 2019, yenye sehemu tano, imetazamwa na kusambazwa hata na watu ambao hawakuwa wamezaliwa tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha Chernobyl kilipolipuka. Katika mengi ni kazi ya kupongezwa. Inaeleza kwa usahihi mkubwa kasoro ya vinu vya aina ya RBMK: kwamba maji yalipogeuka mvuke nguvu ya kinu ilipanda badala ya kushuka, na kwamba fito za kuzimia kinu zilikuwa na ncha za grafiti ambazo, zilipoanza kuingia, kwa sekunde chache zilichochea moto zilioletwa kuuzima. Kitufe cha dharura kilipobonyezwa saa saba na dakika 23 usiku, kiligeuka kuwa chanzo cha mlipuko. Ni sahihi pia kwamba kasoro hiyo ilijulikana kwa baadhi ya wataalamu wa Kisovieti na haikuelezwa kwa waliokaa mbele ya kitufe, na kwamba wakazi karibu 49,000 wa mji wa Pripyat hawakuhamishwa mpaka saa 36 hivi zilipokuwa zimepita.

Lakini mlipuko wenyewe ulikuwa wa mvuke. Ulilipasua jengo na kuutupa mfuniko wa kinu. Haukuwa mlipuko wa bomu la nyuklia. Kwa sababu hiyo, sehemu ya tamthilia inayosababisha mkanganyiko mkubwa ni ile ambapo mtaalamu anaonya kwamba mafuta yaliyoyeyuka yakikutana na maji ya chini, utatokea mlipuko wa megatani kati ya 2 na 4. Megatani ni kipimo cha mabomu ya hidrojeni, na hakuna mvuke unaoweza kufikia hapo. Mwananchi wa Buyende aliyeisikia kauli hiyo ana haki ya kuamini kwamba anajengewa bomu karibu na nyumba yake, kwani ameambiwa hivyo na tamthilia iliyo sahihi katika mengine.

Yapo mengine ya namna hiyo. Valery Legasov, mwanasayansi anayetoa maelezo mahakamani katika sehemu ya mwisho, hakuhudhuria kesi ile ya mwaka 1987. Helikopta inayoanguka katika siku za mwanzo ilianguka kweli, lakini ilikuwa Oktoba 1986, baada ya panga zake kugonga waya wa kreni, na mionzi haikuhusika. Mwanamke mwanasayansi anayemsaidia Legasov ni mhusika wa kubuni aliyesimamishwa badala ya wataalamu wengi. Haya ni marekebisho ya kawaida ya sanaa, nami sioni ubaya wake mkubwa. Kwa upande wa watu watatu walioingia majini kufungua vali chini ya kinu, tamthilia imesahihisha uvumi: watu hao hawakufa baada ya siku chache kama ilivyosimuliwa kwa miaka mingi, bali walitoka salama.

Kuhusu vifo, picha ya jumla inahitaji uangalifu. Waliokufa kwa ugonjwa mkali wa mionzi mwaka 1986 ni wazimamoto na wafanyakazi 28, mbali na wale wa mlipuko wenyewe. Baadaye kulitokea maelfu ya saratani za tezi ya shingo, hasa kwa waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi wakiwa watoto, na nyingi zilitibika. Kwa muda mrefu, jopo lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2005 kwamba vifo vingeweza kufikia 4,000 miongoni mwa walioathirika zaidi, na wapo wataalamu wanaotoa makadirio makubwa kuliko hayo.

Bomu na mkono wa mwenye ufunguo

Tukigeukia silaha, uongo unaopendwa kuliko wote ni saa inayohesabu kinyume. Katika Goldfinger, filamu ya James Bond ya mwaka 1964, bomu la nyuklia linazimwa saa yake inaposoma 007, mzaha ambao umeigwa mara nyingi bila mzaha wowote. Bomu la nyuklia halina sababu ya kumwonyesha adui sekunde zilizobaki, na kulipiga risasi au kulilipua vibaya hakuleti mlipuko wa nyuklia, kwa sababu baruti inayoubana moyo wa bomu lazima ilipuke kwa ulinganifu kamili pande zote. Vivyo hivyo, hakuna kitufe chekundu juu ya meza ya rais. Kwa Marekani, rais ana mamlaka ya kuamuru peke yake, lakini amri hiyo hupitia namba za siri na maofisa, na katika mahandaki ya makombora ya Minuteman maofisa wawili huzungusha funguo zao kwa wakati mmoja.

Swali ambalo filamu bora zimeliuliza ni hili: watu hao wakipewa taarifa ya uongo, itakuwaje? Mwaka 1964 zilitoka filamu mbili juu ya swali hilo, Fail Safe iliyolichukua kwa huzuni na Dr. Strangelove iliyolichukua kwa kejeli. Ya pili inaanza na tangazo kwamba Jeshi la Anga la Marekani lina kinga za kuzuia mambo kama hayo. Nyaraka zilizofunguliwa miongo kadhaa baadaye zilionyesha kwamba tangu wakati wa Rais Eisenhower baadhi ya makamanda walikuwa wamekasimiwa mamlaka ya kutumia silaha za nyuklia katika dharura, na kufuli za namba za siri ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kufungwa kwenye mabomu mwaka 1962. Hata mashine ya kulipiza kisasi yenyewe, iliyochekesha watu katika Dr. Strangelove, ilipata ndugu yake katika miaka ya 1980, Wasovieti walipojenga mfumo ulioitwa Perimeter, uliokusudiwa kupitisha amri ya kurusha makombora hata viongozi wakiwa wamekufa, ingawa ulibakiza watu katikati ya mnyororo huo.

Mfano wa filamu kugusa sera moja kwa moja ni WarGames ya mwaka 1983, ambamo kijana mmoja anaingia kwa kompyuta yake ya nyumbani katika mfumo wa ulinzi wa Marekani akidhani anacheza mchezo. Rais Ronald Reagan aliitazama Juni mwaka huo, kisha akamuuliza mkuu wa majeshi, Jenerali John Vessey, kama jambo hilo lingewezekana. Jenerali alikwenda kuchunguza na kurudi na jibu kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko rais alivyofikiri. Septemba 1984 Reagan alitia saini agizo la kwanza la nchi hiyo kuhusu usalama wa kompyuta za serikali. Na kengele za uongo hazikuwa za sinema tu: Novemba 1979 mkanda wa mazoezi ulioingizwa kimakosa uliwaonyesha maofisa wa Marekani shambulio kubwa la Wasovieti, na usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 ofisa wa Kisovieti, Stanislav Petrov, alikataa kuamini mitambo iliyomwambia kwamba makombora matano yamerushwa. Setilaiti ilikuwa imeona mwanga wa jua ukiakisiwa na mawingu.

Miezi miwili baada ya usiku huo, tarehe 20 Novemba 1983, Wamarekani karibu milioni 100 walitazama The Day After, filamu ya runinga kuhusu mji wa Lawrence, Kansas, baada ya vita vya nyuklia. Reagan aliandika katika shajara yake kwamba ilimhuzunisha sana. Waingereza walitengeneza kazi kali zaidi: The War Game ya mwaka 1965 ilipata tuzo ya Oscar lakini BBC ilikataa kuionyesha mpaka mwaka 1985, na Threads ya mwaka 1984 inaufuata mji wa Sheffield mpaka zaidi ya miaka kumi baada ya mabomu, watu wakilima kwa mikono chini ya anga lililotiwa giza na moshi.

Giza hilo ndilo linalotuhusu sisi. Filamu nyingi humfanya mtazamaji wa Kampala aamini kwamba vita vya nyuklia ni shida ya New York na Moscow. Masizi ya miji inayoungua yakipanda juu ya mawingu hayaoshwi na mvua; huzunguka dunia na kuzuia jua kwa miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Food ulikadiria kwamba vita kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua kwa njaa watu zaidi ya bilioni 5, na kwamba hata vita kati ya India na Pakistan vingeweza kuua zaidi ya bilioni 2, wengi wao katika nchi ambazo hazikuangukiwa na bomu lolote. Threads ililisema hilo mapema, ingawa macho yake yaliishia Uingereza.

Oppenheimer ya mwaka 2023, kuhusu mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la kwanza la atomi, iliyotwaa tuzo saba za Oscar, ni somo tofauti kidogo. Ni filamu ya dhamiri, na kwa mwenendo wa mikutano, wivu na siasa za wanasayansi ni ya kuaminika. Mlipuko wake wa Trinity, jaribio la kwanza la bomu hilo, la tarehe 16 Julai 1945, ulitengenezwa kwa baruti na petroli bila picha za kompyuta, ndiyo maana unaonekana kama moto mkubwa wa mafuta kuliko mwanga uliowapofusha waliokuwepo. Hofu kwamba bomu lingeweza kuliwasha anga lote ilikuwepo kweli, lakini aliyeendewa kushauriwa alikuwa mwanafizikia Arthur Compton. Katika filamu Einstein aliwekwa badala yake kwa sababu kila mtu anamjua. Hiroshima haionyeshwi, uamuzi uliozua mabishano makubwa, hasa Japani, ambako filamu ilifika Machi 2024.

Kuna mahali pengine ambapo kamera haikufika, tena jirani yetu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu la kwanza ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji, mgodi wenye madini tajiri kiasi kwamba zaidi ya tani 1,000 zilizosafirishwa hadi New York mwaka 1940 zilikuwa tayari zinangoja ghalani wakati jeshi la Marekani lilipoanza kutafuta urani. Wachimbaji wake Waafrika hawana nafasi katika filamu hiyo, kama vile Wasahara wa Reggane, Algeria, ambako Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960, wasivyo na nafasi katika sinema zinazopendwa. Bara hili lilitoa madini na likatoa uwanja wa majaribio. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita na kuyavunja. Na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, umeifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Hiyo ni hadithi nzuri inayongoja mwongozaji.

Mionzi isiyong'aa

Rangi ya kijani inayong'aa, ambayo vizazi vizima vimeiona mwanzoni mwa katuni ya The Simpsons tangu mwaka 1989, haipo katika mafuta ya kinu. Kinachoonekana kweli ndani ya madimbwi ya kinu ni mwanga wa buluu, utokanao na chembe zinazopita majini kwa kasi kuliko mwanga unavyopita humo. Mionzi yenyewe haionekani wala hainuki, na swali la maana kuihusu ni la kiasi. Binadamu hupokea kwa wastani takriban milisivati 2.4 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili) kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula; kiasi cha 4,000 hivi kikiingia mwilini kwa mara moja kinaweza kuua nusu ya watu wasiotibiwa. Filamu hazina subira na tarakimu hizo, kwa hiyo mionzi hugeuka uchawi: humpa huyu nguvu za ajabu na kumgeuza yule kuwa zimwi.

Hata zimwi hilo lina chimbuko la kuheshimika. Godzilla ya kwanza, ya Novemba 1954, ilitengenezwa miezi michache baada ya Marekani kulipua bomu la Castle Bravo katika visiwa vya Marshall, tarehe 1 Machi, likatoa megatani 15, zaidi ya mara mbili ya matarajio. Majivu yake yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani ndani ya mashua yao, na mtumaji simu wao akafariki Septemba. Mtazamaji wa Tokyo alijua kabisa zimwi linalotoka baharini ni nani. Toleo lililohaririwa kwa ajili ya Wamarekani mwaka 1956 lilipunguza sana siasa hiyo, likabaki na mkia na majengo yanayoanguka.

Kosa lenye madhara zaidi ni la kuichukulia mionzi kama tauni. Aliyepigwa na mionzi hawi chanzo cha mionzi, kama vile aliyepigwa eksirei asivyotoka nayo nyumbani. Anayeweza kuwadhuru wengine ni aliyebeba chembe zenyewe, juu ya nguo, kwenye ngozi au ndani ya mwili, na nyingi za nje huondoka kwa kuvua na kuoga. Tamthilia ya Chernobyl inadokeza kwamba mtoto tumboni alimeza mionzi ya baba yake aliyelazwa. Madaktari waliohudumia wagonjwa wale wamelikanusha hilo, wakieleza kwamba pazia la plastiki lilikuwa la kumkinga mgonjwa dhidi ya vijidudu.

Ajali inayopaswa kujulikana katika kila yadi ya vyuma chakavu, kuanzia Katwe hadi Jinja, ni ya Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Watu wawili waliiba kifaa cha tiba ya saratani katika kliniki iliyoachwa ukiwa, wakakiuza, na ndani yake mkapatikana unga wa sesiamu-137 uliokuwa na mng'ao wa buluu gizani. Watu waliugawana kama pambo. Wanne walikufa, mmoja akiwa mtoto wa miaka sita, na 249 walikutwa na chembe hizo. Hapakuwa na kinu, bomu wala adui. Kazi ya kuzuia ajali ya aina hiyo nchini Uganda iko mikononi mwa Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Na upande wa pili wa mionzi hiyohiyo ulionekana katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 2016, wakati mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliyotumia kobalti-60, ilipoharibika isitengenezeke, na wagonjwa wa saratani wakalazimika kutafuta tiba nje ya nchi au kuikosa.

Yasiyopigwa picha

Mpango uliotangazwa wa Buyende una lengo la megawati 1,000 za kwanza kufikia mwaka 2031, na maswali yake mazito hayana sinema. Barani Afrika kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi ni kimoja tu, Koeberg cha Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1984, huku Misri ikiwa inajenga cha El Dabaa. Vinu viwili vipya vya Vogtle, Marekani, vilivyokadiriwa kugharimu dola bilioni 14, vilimalizika kwa zaidi ya bilioni 30 na kwa kuchelewa miaka saba. Mafuta yaliyotumika lazima yakae majini kwa miaka, kisha yahifadhiwe kwa muda mrefu kuliko umri wa serikali yoyote.

Swali lenye uzito zaidi kwetu ni dogo kwa kulisikia. Kanuni inayofuatwa na wapangaji wa umeme ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi nzima, kwa sababu ukijizima ghafla, na kinu hujizima chenyewe kila kinapohisi hitilafu, gridi lazima iweze kulibeba pengo. Uwezo wote wa mitambo ya Uganda baada ya Karuma ni zaidi kidogo ya megawati 2,000. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kingekuwa theluthi ya jumla mpya, na siku kitakapojizima, nchi nzima ingeweza kuingia gizani pamoja nacho, na kituo chenyewe kikabaki kinategemea jenereta za dizeli kupoza yale makaa yake. Ama gridi ikuzwe mara kadhaa na kuunganishwa kwa nguvu na Kenya, Tanzania na majirani wengine kabla ya mwaka huo, ama vichaguliwe vinu vidogo, ambavyo bado ni vichache mno duniani, ama tarehe isogezwe mbele.